Nyimbo za Anastazia Hazitoki Bila Fimbo

Jua la kijiji cha Mtinko bado changa, na Anastazia Mathayo ameshafagia uwanja wa kupuria hadi unang'aa. Masuke ya uwele yamelala katikati. Anasimama, fimbo begani, macho ameyafumba.

Fimbo inashuka. Pu! Ya jirani yake Rebeka inajibu. Wimbo wa Kinyaturu unatoka wenyewe, taratibu, na makapi yanaelea hewani kama hayana haraka ya kutua.

Mama huyu amepura nafaka za watu tangu usichana wake, ujira wake madebe ya uwele. Ukimuuliza nani alimfundisha kuimba, anakucheka.

"Nani afundishe? Mikono ikichoka, mdomo unaanza. Basi!"

Mwaka jana redio ilisimulia habari za kisiwa kimoja cha Karibi, ambako Waafrika waliopelekwa utumwani walikata miwa wakiimba, mmoja akiongoza, wengine wakiitikia. Katika nyimbo hizo ndimo zilimozaliwa ngoma za kisiwa kile. Nyimbo zenyewe zilipopigwa, Anastazia aliacha ugali ukaungua.

"Nikasema, jamani, hawa ni wetu! Maneno sikuelewa hata moja, lakini pale wanapovuta pumzi, napajua."

Tangu hapo hana raha. Mashine ya kupura imeingia kijijini, na mwenye nayo ni Pendo, bintiye wa kumzaa. Wapuraji wenzake wengi wameshatangulia mbele ya haki.

"Nyimbo hizi zikifa na mimi, nitakuwa nimezika watu wengi," anasema, machozi yakimlengalenga.

Festo, mtangazaji wa redio, alikuja kumrekodi. Akamkalisha kitini, katika ofisi ya kijiji, madirisha yamefungwa. Loo! Hata neno halikutoka. Wimbo wa kupura hauimbwi umekaa, na mama wa watu alitoka ameloa jasho la aibu.

Festo ameahidi kurudi Jumamosi hii, safari hii uwanjani. Anastazia amekataa uwele wake usipitishwe mashineni. Lakini wa kuitikia ni Rebeka peke yake, na sauti moja haitoshi.

Pendo, aliyekuwa amenuna pembeni ya uwanja tangu asubuhi kwa mashine yake kukataliwa, anasogea.

"Mama, Jumamosi nazima mashine. Nitaitikia mimi."

"Wewe? Unazijua?"

"Ulikuwa unapura nikiwa mgongoni kwako. Nitaachaje kuzijua?"

Anastazia anageuka, anajifuta uso kwa khanga.

"Basi tafuta fimbo nzito," anamwambia. "Na wanao uje nao."