Kitambaa Tumboni mwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike kwa kupasuliwa, katika kliniki iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, Mji wa Kale. Daktari mwenyewe alikuwa mtu mzima, mpole wa maneno, na ndiye aliyemzalisha mama sisi wawili. Mtaa mzima ulimwita daktari wetu. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, nami nilihamia kwa mama kwa muda ili nimuuguze mdogo wangu.

Arubaini ikapita, tumbo lisishuke. Mama alipomkaza leso kiunoni, mdogo wangu alilia kwa sauti ambayo sikupata kuisikia hata siku ya uchungu. Tukarudi kliniki, mara ya kwanza na ya pili. Daktari alimbonyeza kidogo, akatabasamu.

"Ni gesi tu, mwanangu. Na huo uvivu wako wa kutembea."

Asubuhi moja nilimkuta sakafuni chooni, midomo imekuwa myeupe, mwili unawaka moto. Mume wake, aliyekuwa fundi wa mashua Liwatoni, alimbeba mgongoni mpaka barabarani tukapata teksi. Tulimkimbiza hospitali nyingine, upande wa pili wa kisiwa, akapasuliwa tena. Daktari wa huko alipotoka, barakoa ikining'inia kidevuni, alituambia amekuta kitambaa cha shashi, kile cha kufyonzea damu, kimeachwa ndani kikaozea humo. Kizazi kilikuwa kimeoza pamoja nacho.

"Imebidi nikitoe," alisema. "Yuko hai. Lakini hatazaa tena."

Shemeji yangu alikaa chini pale pale ukumbini.

Ni yeye aliyetafuta wakili. Ofisi ya wakili huyo ilikuwa ghorofani, juu ya duka la leso, Biashara Street. Wakili alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wewe ndiwe uliyekuwa naye alipolalamika kwa daktari. Utakuwa shahidi wangu." Nilimwitikia kwa kichwa.

Mama hakutaka kesi. "Mtoto akishikwa na degedege, mutampeleka wapi?" aliniuliza. "Mutagonga mlango wa nani?" Na wala hakuwa peke yake. Majirani walianza kuitikia salamu zangu kwa mkato, na bibi mmoja aliyenilea kama mjukuu wake alinishika mkono barazani akaninong'oneza, "Mwogope Mungu. Yule mzee ametusitiri wengi." Nikawa napita njia ya mbali ili nisikutane na daktari. Kila mtoto akikohoa, moyo ulinipasuka.

Kesi iliahirishwa mara nyingi hata nikaanza kuomba isisikizwe kabisa. Kisha siku ikapangwa. Alasiri ya kuamkia siku hiyo, mama akabanwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta haikusaidia. Macho yalimtoka, kifua kikavuma, kucha zikaanza kuwa buluu. Gari haliingii kwenye vichochoro vyetu, na shemeji alikuwa kazini. Mdogo wangu alinitazama. Akamshika mama kwapa moja, nami nikashika la pili, tukaenda nyuma ya nyumba.

Daktari alifungua mlango mwenyewe. Alituona sote watatu. Nilidhani ataufunga.

"Mlazeni hapa," alisema.

Alipovuta dawa kwenye sindano niliudaka mkono wake bila kukusudia. "Ni dawa gani hiyo?" Akanipa kichupa nisome. Nikasoma lile jina, nisijue kama ni la kuponya au la kuua. Mama alikuwa akitapatapa. Nikamwachia mkono.

Nikakaa nikitazama kifua cha mama kikipanda na kushuka, nikingoja kisimame. Hakikusimama. Pumzi ikarudi polepole, rangi ikarudi kuchani. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono miwili tumboni.

Kesho yake, mahakamani, wakili wa daktari aliniuliza swali nililojua litakuja.

"Jana mama yako alipougua, ulimpeleka kwa nani?"

"Kwa daktari huyu."

"Akamtibu vizuri?"

"Ndiyo."

"Basi unamwamini."

Mama alikuwa amekaa nyuma na buibui lake, akinitazama. "Sikuwa na kwingine," nilisema. "Niliogopa toka tulipoingia hata tulipotoka. Mdogo wangu alimwambia kuwa aumwa, mara mbili, mbele yangu, naye akamcheka. Sasa mimi siwezi kuona sindano nikatulia."

Daktari aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo pia ilinitisha.

Hakimu aliamua kwamba daktari alikosa uangalifu, na kwamba mdogo wangu alidhulumika. Hakuna aliyepiga kigelegele. Tukatoka. Nje, mama alimkumbatia mdogo wangu akamwambia, "Nisamehe mwanangu, nilikuwa na hofu." Akajibiwa, "Mimi ninayo bado, mama."

Alisema kweli. Mwaka uliofuata alishikwa na malaria kali akakataa kata kata kutoka nyumbani. Nilimbembeleza hadi akakubali, tukaenda hospitali mimi na yeye. Kitandani alinikamata kidole, akamwuliza sista aliyekuja na sindano kila kitu: hii ni nini, ya nini, nani ameagiza. Sista akamjibu kwa subira. Kisha mdogo wangu akafumba macho, akamtolea sista mkono adungwe.