Shangazi na kaburi la babu

Leo nimefyeka kaburi la mtu nisiyemjua!

Tulikuja Bujonde kutafuta kaburi la babu tulijengee. Shangazi ndiye aliyekuwepo kwenye mazishi. Akasema, "Yuko chini ya mkakao."

Shangazi, Bujonde nzima ni mikakao!

Akachagua mmoja. Tukafyeka, tukasali, akalia mpaka nikamshika.

Akapita mzee na jembe lake, akatushukuru. "Ndaga fijo, wanangu. Mmemsafishia mama yangu."

Jamani.

Shangazi akajifuta machozi, akaangaza huku na huku, akanyoosha kidole kwenye lundo la majani tuliyofyeka. "Basi atakuwa pale."

Yaani asubuhi nzima nimemfukia babu upya!

Sasa anataka tusali tena. Nimemwambia safari hii aape kwanza.

Kakataa kuapa.