Kandambili za Delfin

Consolacion Arboleda, ambaye majirani zake huko Capiz, Ufilipino, humwita Sion, ana masikio yasiyo na adabu. Pita nje ya nyumba yake ya mianzi ukiwa umevaa kandambili, naye yuko jikoni anakoroga mbaazi na fenesi. Atajua ni wewe, na atajua kama umekunywa. Watu humtania kwamba alistahili kuolewa na polisi.

Lakini masikio hayo yalifunzwa na msiba. Kuna ugonjwa hapa uitwao lubag, unaopindisha viungo vya wanaume. Katika ukoo wa Sion huanzia mguuni: mguu mmoja unakuwa mzito kunyanyuka, kandambili inaburuta mchanga. Sion alikuwa msichana wa miaka tisa alipousikia mguu wa baba yake. Baadaye akasikia wa baba yake mdogo, kisha miguu ya wanawe wawili, Arsenio na Wilfredo, ambao sasa amewazika. Wanawake huubeba katika damu na kuupitisha, wanaume ndio wanaoumwa. Sion analijua hilo, na kuna siku hujichukia kwa sababu hiyo.

Amebaki na Delfin, kitinda mimba, ambaye hajaoa na anaishi naye. Delfin ni mgema. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alisifiwa na kijiji kizima na tembo lake halikuonja hata tone la mto. Hupanda minazi ishirini asubuhi, akairudia jioni, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni. Kazi hiyo haimsamehe mtu ambaye mguu wake umekosea mara moja.

Miaka miwili iliyopita daktari mmoja mwanamke alikuja kutoka mjini kupima damu. Aliwaeleza vizuri, yule mama, wala hakuwa na maringo. Katika urithi wa wenye ugonjwa huu kuna kipande kidogo kinachojirudia. Kadiri kinavyojirudia mara nyingi, ndivyo ugonjwa unavyowahi.

"Wewe Delfin, kwa hesabu yako utakuanza kwenye miaka karibu arobaini," alisema, akimpa karatasi ya majibu. "Nasema karibu. Unaweza kutangulia, unaweza kuchelewa."

Delfin alikuwa na thelathini na mitano. Alirudi nyumbani anapiga mluzi.

"Nay, nina miaka mitano mizima!" alimwambia mama yake, ambaye humwita Nay.

"Amesema karibu, Toto."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

Daktari alijua mapema, ila hakuweza kutaja siku. Yeye Sion aliweza kutaja siku, ila hakuwahi kujua mapema. Basi akaendelea kusikiliza. Na tangu sikukuu ya mtakatifu wa kijiji mwaka huu hakusikia kitu, kwa kuwa Delfin alikuwa akitembea peku. Wagema wengi hutembea peku, hilo halikumshangaza. Kila mwezi uliopita bila mburuto aliwasha mshumaa kanisani.

Jumamosi moja alikuwa akifagia chini ya nyumba. Nyuma ya kuni akakuta kandambili za mwanawe, zimesukumwa mpaka ndani. Ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa imelika mbele, pale penye kidole gumba, mpaka imetoboka.

Sion aliketi palepale kwenye vumbi. Miezi yote ile alikuwa anamshukuru Mungu kwa kimya, kumbe mwanawe alikuwa anauficha mguu wake usisikike.

Alizichukua akaenda moja kwa moja kwenye minazi. Delfin alikuwa juu. Sion hakumwita, maana mgema hashtuliwi akiwa juu. Alisimama akitazama mguu wa kulia ukishuka: ulitafuta kidato kilichochongwa shinani, ukakikosa, ukatafuta tena, ukakipata. Alihesabu vidato mpaka mwanawe alipokanyaga chini.

Delfin aliona kandambili mkononi mwa mama yake.

"Tangu lini?" Sion aliuliza.

"Tangu sikukuu. Nilizivaa huku minazini tu, mpaka ikatoboka."

"Na bado unapanda? Unataka nikuokote?"

"Nay, nina thelathini na saba. Karatasi ilisema arobaini. Nina mitatu yangu bado!"

"Karatasi haipandi minazi, mjinga wewe!" Kisha sauti ikamvunjika. "Nimezika wawili. Wewe nakutaka hai, hata ukiwa umepinda kama mzizi. Nitakulisha kwa mkono wangu. Shuka, mwanangu."

"Nimeshashuka, Nay."

"Shuka kabisa."

Delfin aliuangalia mnazi. Akaichomoa kotama kiunoni na kumpa mama yake, mpini ukiwa mbele. Halafu akavaa kandambili zake, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumficha.

Njia ya kurudi inapita mbele ya nyumba ya Pacing, muuza samaki, ambaye naye alimzika mume kwa ugonjwa huohuo na masikio yake si haba. Delfin alitangulia. Kandambili ya kulia ilianza kuburuta. Sion, ambaye katika miaka sitini na tisa hakuwahi kuburuta mguu, akalegeza wake na kuuburuta pamoja na wa mwanawe, hatua kwa hatua, na vumbi likapanda.

"Weee, Nang Sion!" Pacing aliita kutoka ndani. "Miguu gani hiyo leo?"

"Yangu," alijibu Sion. "Nimezeeka, Pacing."