Baiskeli ya Mikono

Niliingia klabu yetu ya kujitolea kwa sababu ya jirani. Ni mwalimu mstaafu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa mtaa wa Mutanga Nord. Jumamosi moja, baada ya kazi za umoja za asubuhi, alinikuta getini bado nimeshika jembe lenye tope.

"Madamu," akaniambia, "we unajua kutoa mizigo bandarini. Sisi tuko na mzigo pale. Kuja utusaidie."

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Meli za mizigo zikifika kutoka Kigoma, wenye mali hunikabidhi nyaraka zao, nami nakimbizana na mihuri mpaka mali itoke. Mzigo wa klabu ulikuwa viti vya magurudumu vya walemavu, zawadi kutoka ng'ambo. Nilivihangaikia wiki nzima kama vile ni vyangu. Siku vilipotoka getini kwa bandari, vikiwa bado vimefungwa nailoni, nilihisi kwamba kwa mara ya kwanza makaratasi yangu yamefanya kitu kinachoonekana kwa macho.

Kimoja tulikipeleka mtaa wa Cibitoke kwa fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo ambaye miguu yake ilipooza tangu utotoni. Alikuwa anatembea kwa viganja, amevaa kandambili mikononi, na alishona kwa cherehani ya mkono kwenye baraza ya duka. Tulivaa fulana zetu za njano, tukamwinua, tukamkalisha, tukapiga makofi na picha. Alisema "Merci", yaani asante, mara moja tu. Mimi nilidhani ni furaha.

Baada ya kama mwezi mmoja nilirudi kwake na kitenge changu, nataka anishonee. Nikakuta kiti kiko uani, na juu yake beseni la maharage yanayokauka. Mwenyewe alikuwa chini, anakata kitambaa, kandambili zake za mikono zina tope kando yake. Nakiri kwamba kitu cha kwanza kilichonijia ni hasira. Nilikumbuka mihuri yote ile.

"Dada, kile kiti kiko na shida gani?" nikamwuliza.

"Apana, kiti iko muzuri sana," akajibu, mkasi haujasimama. "Ni ya kwenda ndani ya hospitali, kwenye sakafu ya simenti. Huku kwetu ni muchanga na mawe. Nilifika pale kwa mufereji, magurudumu madogo ya mbele yakazama. Wanaume wawili wakanibeba, mimi na kiti. Madamu, tangu nimekuwa mukubwa hakuna mutu alikuwa ananibeba. Nilikuwa najipeleka mwenyewe."

"Juu ya nini haukutuambia?"

Hapo akaweka mkasi chini, akaniangalia.

"Hakuna mutu aliniuliza."

Aliyasema bila ukali, kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Nilikunja kitenge changu nikarudi nacho nyumbani.

Kwenye mkutano uliofuata niliyaeleza yote kama yalivyo. Mwanachama mmoja, mfanyakazi wa serikali, alisema huyo mama hana shukrani. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, akavua miwani.

"Tulimpa kitu tulichokuwa nacho," akasema. "Kitu anachohitaji, hatujakijua mpaka leo. Mwanafunzi akinijibu swali ambalo sikumwuliza, nampa sifuri. Sasa twende tukamwulize."

Tukaenda wawili, yeye na mimi, bila fulana. Fundi cherehani hakuchelewa kujibu, maana jambo hilo alikuwa amelifikiria miaka mingi. Alitaka baiskeli ya kuendesha kwa mikono, yenye magurudumu makubwa ya kupita kwenye mchanga, na nyuma iwe na sanduku la kubebea cherehani. Pale barazani wateja walikuwa wachache. Kazi ilikuwa sokoni, lakini angefikaje huko na cherehani?

Hapo Cibitoke kuna mzee mmoja Mwislamu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye familia yake iko mjini hapa tangu enzi za babu yake. Anatengeneza mageti na baiskeli za kubeba abiria. Tulimkuta anangoja umeme urudi.

"Nitafanya, inshallah," akasema. "Lakini huyo mama aje hapa yeye mwenyewe. Siwezi kukata chuma kwa maneno ya watu wa mikutano."

Alikuja. Mzee alimpima urefu wa mikono na upana wa mabega kwa utepe wa kupimia nguo, wa mama mwenyewe. Jumamosi mbili tulishinda pale. Mwenyekiti wetu alisugua kutu kwa msasa mpaka kucha zikawa nyekundu. Yule mfanyakazi wa serikali aliyelalamikia shukrani alikuja pia, na ndiye aliyetafuta magurudumu matatu yanayolingana na kuyaleta kichwani kwa miguu, maana siku hizo petroli haikupatikana. Umeme ukikatika tulikaa chini ya bati tukinywa chai ya tangawizi, tukisubiri.

Jaribio la kwanza liliharibika. Mama alikaa, akashika pedali mbele ya kifua, akazungusha. Baiskeli ikaenda vizuri hadi pale alipokata kona. Ikalala ubavu, naye akaanguka kwenye mchanga. Sisi wote tukamkimbilia.

"Mutu asiniguse!" akapiga kelele.

Tukasimama. Alijiinua kwa mikono, akapangusa uso, akaizunguka ile baiskeli polepole akiikagua, kama nguo iliyokataa kukaa mwilini.

"Mzee," akasema, "kiti iko juu sana. Tena magurudumu ya nyuma yamekaribiana. Mi niko na uzito wote huku juu, kwa mabega. Ushushe kiti, upanue nyuma."

Mzee alikuna ndevu zake nyeupe. Amechomelea tangu ujana wake, na hapa mshonaji anamsahihisha mbele ya watu. Nikaogopa ataudhika.

"Wallahi anasema kweli," akasema. "Mi nilipima mikono, sikupima uzito. Leteni msumeno."

Akakata upya kazi aliyokwisha kuimaliza. Mama alikaa kando yake siku hiyo nzima, akionyesha kwa kidole: hapa, apana, teremsha kidogo, hapo.

Jumamosi iliyofuata alitoka mbele ya karakana asubuhi, cherehani imefungwa kwenye sanduku nyuma. Alipofika kwenye mfereji tulisimama kutazama. Pale watu walikuwa wameweka mawe na mbao za kuvukia. Alipunguza mwendo, akapanga gurudumu la mbele, akazungusha pedali kwa nguvu mara tatu, akapita. Hakugeuka kutuangalia. Aliendelea tu na barabara, akiwapigia kengele watu wa mikokoteni, na sisi wa klabu tukajikuta tunakimbia nyuma yake, watu wazima wenye vyeo, mwenyekiti ameshika viatu mkononi. Mzee peke yake ndiye hakukimbia. Alibaki mlangoni mwa karakana, na baadaye waliokuwepo waliniambia alikuwa anafuta macho, akisema ni moshi wa kuchomelea, ingawa umeme ulikuwa haujarudi tangu alfajiri.

Nilimfikia sokoni nikihema. Alikuwa ameshapata nafasi kati ya muuza vitenge na muuza vifungo, na tayari mtu amempa suruali ya kufupisha.

"Madamu," akasema, "ile kitenge yako, leta sasa. Nitakushonea wa kwanza."

Nimeshatoa bandarini mashine na magari ya watu wakubwa, nikapongezwa. Hakuna siku nilijivuna kama siku ile, nimesimama sokoni na viatu vimejaa mchanga, ninajivunia mtu ambaye hakunihitaji tena.

Miezi michache baadaye mwenyekiti alimwalika awe mwanachama. Alikubali kwa sharti moja: klabu isimpelekee mtu kitu kabla yeye hajaenda kukaa naye. Ndivyo tunavyofanya sasa. Vile viti vya ng'ambo tulivipeleka kwa wagonjwa wenye sakafu laini, na huko vinafanya kazi vizuri. Kwa wanaoishi kwenye mchanga na mawe, tunachomelea baiskeli.

Wiki iliyopita tulikwenda wawili, mimi na fundi cherehani, kwa muuza mkaa mmoja aliyepoteza mguu kwa ugonjwa wa sukari. Mimi nilishika daftari. Yeye aliegesha baiskeli mlangoni, akateremka, akakaa kwenye mkeka mbele ya yule baba, akafungua utepe wake wa kupimia.

"Baba, nikuulize kwanza," akamwambia. "We unataka kwenda wapi?"

Yule baba akaonyesha kwa mkono njia ya sokoni, akaanza kutueleza, nami nikaandika.