Jina Lililorudi Mizanini

Siku iliyofuata maziko ya mkewe, Magige alirudi kazini, akakaa mezani, akafungua orodha ya wafanyakazi kwenye seva na kulifunga jina la marehemu, kama alivyozoea kufunga la mtu yeyote aliyeacha kazi. Kisha akaenda kunywa chai. Wenzake wakaona. Musoma ni mji mdogo na Bunda si mbali, kwa hiyo kabla jua halijatua habari ilikuwa imewafikia wakwe: mkwe wenu ana roho ya jiwe, kaburini hakutoa chozi, na leo amemfuta mtoto wenu kwa kidole kimoja.

Hawakumtendea haki hata kidogo. Magige hakuwa na roho ya jiwe, alikuwa amekufa ganzi, basi. Mguu ukifa ganzi mwenyewe husubiri damu irudi, lakini moyo ukifa ganzi watu hukutangazia ubaya mji mzima. Aliamka kwake Kigera, akanyoa ndevu, akaenda kazini. Alikula akipewa. Akipewa pole alisema asante. Miezi ikapita hivyo.

Kampuni yao hununua pamba. Ofisi iko Musoma, mizani iko Bunda, na Hyasinta, mkewe, alikuwa karani wa mizani hiyo. Kazi ya Magige ilikuwa kutunza seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi majina na nywila za wafanyakazi wote na kujua nani aruhusiwe kufungua nini. Karani wa Bunda akiwasha mashine yake asubuhi, seva ya Musoma ndiyo inayomtambua. Isipomtambua, mizani haitoi risiti, na bila risiti hakuna mkulima mwenye akili zake atakayeshusha hata gunia moja.

Mwezi wa tano, ununuzi ukiwa ndio kwanza umeanza, radi ikapiga. Seva ikaungua. Diski ya nakala ya akiba iliyokuwa imechomekwa ubavuni mwake ikaungua nayo.

Meneja wao, Madamu Hilda, alikuja kuangalia hasara akiwa ameshika kiuno. "Magige, si ulikuwaga unapeleka bakapu nyingine nje ya ofisi?"

"Nilikuwaga napeleka."

"Wapi?"

"Kwa mama. Butiama."

Madamu Hilda akamtazama. Kumbe roho ya kampuni nzima imewekwa kwenye sanduku la nguo la bibi wa Butiama! "Basi nenda," alisema. "Nenda sasa hivi."

Wataalamu wanashauri nakala ya pili ikae mbali na ofisi, na Magige hakuona mahali salama kuliko kwa mama yake, Susana. Kila mwezi alienda nyumbani na Hyasinta, wakabadilisha diski, wakala, wakarudi. Tangu maziko hakuwa amekanyaga tena, maana kaburi liko pale pale, kando ya migomba. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, haiozi, ila huzeeka. Diski ya Butiama ilikuwa ya mwezi wa kumi na moja mwaka uliopita, Hyasinta akiwa mzima na akilalamikia joto la Bunda.

Mama yake alimpokea mlangoni. "Umekuja kumwona mwenzio, au umekuja na kazi?"

"Kazi, mama."

Susana aliingia ndani, akatoka na diski iliyoviringishwa kwenye kitenge, akampa, na viazi vya kupeleka mjini akampa. Magige akapita kando ya kaburi. Aliona saruji imepata ufa, akawaza kwamba itabidi izibwe kabla ya mvua nyingine, akapanda gari. Zaidi ya hapo hakuhisi kitu.

Kule Musoma alitoa stoo mashine ambayo haikuwa na kazi na kuiwekea mfumo upya. Akaipa jina lile lile la seva iliyoungua na namba ile ile ya mtandao, kwa sababu kompyuta za Bunda zingeitafuta kwa jina hilo na si kwa jingine. Kisha akachomeka diski, akaiamuru irudishe kila kitu, akakaa kusubiri. Kesho yake asubuhi majina yakawa yamerudi.

Yalirudi kama yalivyokuwa mwezi wa kumi na moja. Mlinzi aliyefukuzwa kwa wizi wa dizeli alirudi bila hata kuomba msamaha. Mhasibu aliyeolewa Tarime alirudi na jina la baba yake. Kulwa, binti aliyeajiriwa kushika nafasi ya Hyasinta, hakuwemo kabisa, maana kwa hesabu za seva alikuwa hajazaliwa. Na Hyasinta alikuwemo, jina lake likiwa wazi.

Magige akaanza kusafisha. Mlinzi akamfunga. Alipofika kwa Hyasinta akaweka kidole, na kidole hakikushuka. Mara ya kwanza alilifunga jina hilo bila kujua anachofanya. Mara hii angejua. Akaliruka, akajiambia atalirudia baadaye.

Simu ikaita. Alikuwa Lameck, mkuu wa mizani Bunda.

"Kaka, vipi huko? Foleni imefika barabarani, wakulima wanatutukana. Huyu Kulwa mashine inamkataa."

"Jina lake halimo. Nipe muda nilitengeneze."

"Muda uko wapi, kaka?" Lameck akashusha sauti. "Sasa usichukie. Tumeingia kwa lile la marehemu, limekubali. Pasiwedi yake tunayo wote hapa, alikuwaga anatuachia akienda kunywa chai."

Magige akatazama skrini. Ilionyesha kwamba Hyasinta ameingia kazini muda huo huo, mizani ya Bunda.

"Upo?" Lameck aliuliza. "Tuendelee?"

"Endeleeni."

Kanuni ya kutotumia jina la mwingine aliiandika Magige mwenyewe na kuibandika ukutani, juu ya kichwa chake. Jina la Kulwa lilikuwa tayari kabla ya chakula cha mchana. Hakumpigia Lameck. Alikaa akitazama Hyasinta akipima, Hyasinta akichapa risiti, Hyasinta akitulia kidogo halafu akiendelea. Chakula kilimpoa mezani. Hakuwa na furaha wala huzuni. Alikuwa anaogopa jioni tu, kwa kuwa jioni angelazimika kulifunga.

Mchana ukiwa unaelekea kuisha, simu ikaita tena. Ilikuwa namba ya Mzee Isaya, baba wa Hyasinta, mkulima wa pamba kule Bunda. Tangu maziko walikuwa hawajazungumza.

"Mkwe."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimetoka kupima pamba. Nimepewa risiti. Kusoma nasomaga kwa shida, lakini jina la mwanangu nalijua. Wameliandika hapa chini. Aliyepima, Hyasinta."

"Ni seva, baba. Iliungua, tukarudisha majina ya zamani, sasa..."

"Sijakuuliza mashine. Pale dirishani nilimwona binti mwingine. Nikasema, labda mwanangu yuko huko ndani." Kwa nyuma zilisikika sauti za watu na magunia yakidondoshwa. "Nina pamba nyingine imebaki nyumbani. Kesho nikiileta, atakuwepo?"

Mzee Isaya hakuwa amechanganyikiwa. Udongo wa kwanza kaburini aliutupa yeye. Aliuliza akiwa anajua, kisha akangoja, na hakuna aliyeweza kumjibu isipokuwa mkwe wake.

"Hapana, baba," Magige alisema. "Hyasinta amekufa."

"Eeh." Mzee akavuta pumzi. "Tangu tumzike sijakusikia ukisema. Nilidhani kwako wewe amesafiri."

Simu ikiwa bado sikioni, Magige akalifunga lile jina. Bunda wangepiga kelele, na wapige! Kilio kikamtoka, kilio kibaya cha kamasi, cha mtu mzima asiyejua aanzie wapi. Madamu Hilda alichungulia mlangoni, akaurudishia taratibu. Mzee Isaya naye alikuwa akilia huko aliko, katikati ya wenye magunia yao, na wakalia hivyo wote wawili mpaka salio la mzee likaisha.