Sakafu Niliyowalazia Waayalandi

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chini ya jukwaa kwa tumbo, kama mjusi, na kanzu yangu ya Ijumaa mwilini, kwa sababu hakuna aliyeniambia nije na nguo za kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Ulikuwa ukumbi wa harusi hapa Jeddah, mwendo mfupi kutoka kwetu Al-Baghdadiyah, na tulikuwa tunajenga kosha, lile jukwaa analoketi bibi harusi. Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kipemba. Sote tulimwita Muallim, maana ndivyo watu wa Hijazi wanavyomwita bingwa wa kazi ya mikono. Yeye alipiga magoti juu ya mbao, mie niko chini gizani na kabari mkononi. Nikasikia juu ya kichwa changu: ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo.

"We bwana, umelala?" aliuliza.

"Sijalala, Muallim."

"Basi nijibu. Nikigonga tatu na moja nakuuliza: mguu wa ubao umekaa? Ukaze kwa kabari, kisha nigongee moja. Hapo ndipo ninaposogea ubao wa mbele. Usiponijibu, siondoki."

"Hata mpaka jioni?"

"Hata mpaka kiama. Kaza!"

Nikakaza. Nikagonga moja. Nikasikia magoti yake yakisogea. Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu, na ninyi vijana mnaoingia kazini leo mkiwa na helmeti mpya na vyeti vya chuo, someni vizuri. Mie niliishia darasa la nne. Lakini wahandisi wenye digrii wamesimama nyuma yangu wakisubiri niseme sakafu iko sawa au haiko sawa. Nikisema haiko sawa, basi, halas, inafumuliwa.

Nieleze kidogo sakafu ni nini, maana wengi hudhani ni mbao zilizopigiliwa misumari. Sakafu ya wacheza ngoma lazima idunde. Chini kabisa kuna miguu ya chuma. Juu ya miguu kuna mihimili ya mbao iliyokalishwa kwenye vipande vya mpira. Juu ya mihimili kuna plaiwudi. Mchezaji akitua, ubao unazama kidogo sana na kumrudisha. Sakafu ngumu inaua magoti. Sakafu legevu ni mbaya zaidi, inampeleka mtu hospitali kwa siku moja. Na mguu mmoja tu usipokaa, ubao wake unakuwa mdomo uliofumbwa, unangoja wa kummeza. Wahandisi walitumia vipimo. Mie nilitumia masikio. Ukinifunga macho ukaniangushia sarafu jukwaani, ningekwambia imeangukia ubao wa ngapi.

Kampuni ilipopanuka nilihamishiwa Riyadh. Nilikaa Al-Shumaisi, chumba kimoja watu watano, na viyoyozi vinavyotoa kelele kuliko ubaridi. Mhandisi Mkuu wa huko alikuwa mtu wa maneno machache, mswaki haumtoki mdomoni. Alinitazama kazini siku kadhaa, kisha akasema, "Masikio yako ni mizani. Kuanzia leo wewe ni msimamizi wa sakafu." Hivyo ndivyo nilivyopanda. Sikubebwa na mjomba, sikubebwa na kafili, yule mdhamini wa kibali changu.

Lakini Muallim naye alikuwa amehamishiwa Riyadh, na sasa akawa chini yangu.

Hapa nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema nikiwa kazini. Mie nilileta redio za mkononi. Mtu wa juu anazungumza, wa chini anajibu, yalla, kazi inakwenda. Muallim hakuitaka redio. Aliendelea kugonga. Siku moja walikuja wageni wa Kizungu kutukagua, na mzee yuko magotini, ngo, ngo, ngo, kimya, ngo. Niliona haya. Nikasema polepole kwenye redio kwa vijana walioko chini: "Msimjibu. Tuone atafanya nini."

Akagonga. Akangoja. Akagonga tena. Nawasikia wale wa chini wakicheka sikioni mwangu. Mzee hakuinua kichwa. Alikaa palepale, kiganja juu ya ubao, mpaka adhana ya adhuhuri. Ndipo akainuka, akapangusa magoti, akapita mbele yangu.

"Abu Salim," aliniambia, "bado sijajibiwa."

Akaenda kuswali. Hakurudi kazini. Alirejea Jeddah, na kabla mwaka haujaisha tukaletewa habari kwamba amefariki. Sikwenda mazikoni. Nilisema nina kazi.

Miaka ikapita. Nchi ikafunguka kwa burudani, kumbi zikaota, na kazi ikatufuata yenyewe. Nimelaza sakafu za maigizo, za sarakasi, za farasi pia. Lakini kazi iliyonipa jina ni ya Waayalandi, wale wanaocheza kwa miguu tu, mikono imelala ubavuni, viatu vyao vina ncha ngumu zinazolia kama mvua ya mawe juu ya bati. Kwa ngoma yao sakafu ndiyo ngoma yenyewe. Chini ya mbao hutegeshwa maikrofoni, ili kila kisigino kisikike mpaka kiti cha mwisho. Walicheza kwanza Riyadh, kisha Jeddah, na sakafu zote mbili ni zangu.

Nilikuwa na desturi. Nikimaliza sakafu nachora mwezi mwandamo kwa chaki kwenye pembe ya ubao wa mwisho. Ndiyo sahihi yangu. Ubao ukishachorwa haufunguliwi, na katika maisha yangu yote ya usimamizi haukuwahi kufunguliwa. Kisha kila mtu anatoka, taa zinapunguzwa, nami natembea juu yake peku, peke yangu, nasikiliza.

Kule Riyadh niko katikati ya jukwaa, peke yangu, nikasikia miguu. Si yangu. Mingi. Ilitoka kwenye vipaza sauti vya ukumbi mtupu, taratibu, kama watu wanaocheza mbali chini ya ardhi. Nilisimama, nayo ikaendelea. Nikamwita Meneja wa Jukwaa, mwanamke wa Kiayalandi mwenye sauti ya kuamrisha meli. Alisikiliza, akacheka, akanishika mkono mpaka mlango wa mbele, akaufungua.

Subhanallah. Ukumbi wa kuingilia umejaa pomoni, na wote wanacheza! Wasichana na abaya zao wamezikunja kidogo, wauguzi wa Kifilipino, baba mmoja mwenye kitambi anahesabu hatua kwa sauti na kukosea. Dada mmoja Mkenya, aliyekuja na familia anayoifanyia kazi, alikuwa amewapanga watoto na mama yao mstari mmoja.

"Madam, mikono chini! Chini, madam! Hawa hawapungi mikono kama wanafukuza nzi!"

"Umejifunza wapi wewe?" madam aliuliza, anahema.

"Kwa simu, nikipiga pasi. Haya, kulia!"

Vigae vya pale vilishikana na zege la chini ya jukwaa, na maikrofoni zikabeba kila kishindo. Nami nikacheka. Kwa hiyo mkisikia miguu kwenye sakafu tupu, niliwaambia vijana wangu, ni mashabiki tu.

Tukahamia Jeddah. Mke wangu Zuwena, ambaye katika ndoa yetu yote hakuwahi kuja kuona kazi yangu hata mara moja, alinunua tiketi ya mstari wa mbele kabla sijamwambia tarehe.

"Leo umenikumbuka," nilimwambia.

"Nani kakwambia naenda kuona mbao zako, Baba Salim? Mie naenda kuona miguu. Nimewatazama hawa na kuwaiga mpaka ndara zimeisha nyayo pale jikoni. Onyesho likiharibika, usirudi nyumbani."

"Sakafu yangu haiharibiki."

"Tutaona."

Onyesho lilikuwa la mchana, baada ya alasiri. Nje jua kali na upepo wa bahari kutoka Corniche, ndani giza la ukumbi. Nilichora mwezi wangu, watu wakatoka, nikaanza kutembea. Nilipofika mbele, upande wa kushoto, pale ambapo wachezaji wote wangetua kwa pamoja mwishoni, nikasikia.

Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo.

Nikatabasamu. Mashabiki, nikasema. Nikapiga hatua mbili. Ikaja tena, na safari hii niliihisi kwenye unyayo. Nikasema, mashabiki hao. Nikashuka, nikatoka nje nikamtafute Zuwena nimwambie wenzake wana haraka gani.

Milango ilikuwa bado imefungwa. Mashabiki walikuwa uwanjani, mbali na jengo, wamepangwa juu ya nyasi, hawajaruhusiwa kusogea. Walikuwa wanaimba na kupiga makofi, wengine wanaruka, na nyasi hazitoi mlio wowote. Zuwena alikuwa mbele kabisa, mtandio umeteleza, uso unang'aa kama wa bibi harusi.

"Baba Salim! Nimemwona mmoja dirishani, kanipungia! Mbona uso umekupauka?"

Nilirudi ndani. Ukumbi kimya. Nikapanda jukwaani. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo. Haikuwa na haraka. Ilikuwa inangoja.

Nilimwendea Meneja wa Jukwaa, nikamwambia usifungue milango, nataka kufungua ubao.

"Ubao wenye mwezi?" aliuliza. "Wewe mwenyewe umeniambia hata mfalme haufungui."

"Wenye mwezi."

"Una hitilafu gani?"

Nikisema sijui, mie ni mzee mwenye hofu. Nikisema sakafu yangu ina kasoro, jina langu limekwisha. Nje nawasikia watu wanaimba. Ningeweza kunyamaza, kama nilivyonyamaza mara moja nyingine.

"Sakafu yangu ina kasoro," nilisema. "Sijui wapi."

Vijana wangu walitaka kuingia chini. Niliwakataza. Magoti yangu yalikuwa yamekwisha, miaka mingi sikuwa nimeingia chini ya jukwaa, lakini nililala kwa tumbo nikaingia na tochi, kama siku ya kwanza. Vumbi lilikuwa limetulia, hakuna alama ya mtu. Nikatambaa mpaka mbele kushoto. Mguu wa chuma ulikuwa umesimama juu ya zulia lililokunjwa, zulia la kazi ya jana lililosahauliwa pale. Kwa macho umesimama. Nilipousukuma kwa kidole ukayumba. Watu ishirini wangetua juu yake kwa pamoja, mbele ya pua ya mke wangu.

Nikavuta zulia. Nikashusha mguu hadi kwenye zege. Nikatia kabari, nikakaza. Na nikiwa nimelala pale, juu ya kichwa changu kabisa, mtu akagonga. Tatu. Kimya. Moja.

"Nani yuko juu?" nilipaza sauti.

Redio ikalia. Alikuwa Meneja. "Hakuna mtu juu, Abu Salim. Sote tuko mlangoni."

Nilizima redio. Nikageuza nyundo, nikagonga moja.

Kisha nikasikia magoti yakisogea juu ya ubao, polepole, magoti ya mtu mzima, yakaenda mbele, yakaenda, yakafika ukingoni mwa jukwaa. Hayakurudi.

Nilitoka nikiwa na utandabui kichwani. Nikafuta mwezi wangu kwa kiganja, nikamwambia Meneja, "Fungua."

Waliingia kama mafuriko. Watu wazima wanakimbilia viti kama watoto wa chuo cha Kurani waliofunguliwa. Taa zikazimwa, na mstari wa kwanza wa wachezaji ulipotoka, ukumbi mzima ulipiga ukelele mmoja, kisha ukanyamaza ghafla ili usikie miguu. Nimesimama pembeni, mkono juu ya ubao. Walipotua wote kwa pamoja, ubao ulizama kidogo sana, ukawarudisha. Zuwena alikuwa amesimama, mikono mashavuni, analia na kucheka. Katika gari njiani alinisifu mara moja tu, na nitairudia hapa kwa fahari: "Mbao zako zimeimba, Baba Salim."

Baada ya hapo niliomba kupumzika. Walinishikilia, waliniahidi mengi, kwa sababu mtu kama mie hapatikani kila soko. Lakini nilikuwa nimechoka, na mwezi sikuuchora tena. Ninyi mlioshika kazi, redio ni nzuri, tumieni. Vipimo ni vizuri. Lakini ukiwa chini na mtu wa juu akakugongea, mjibu. Hata kama ni mzee, hata kama anakuchelewesha, hata kama wageni wanatazama.

Siku hizi nashinda nyumbani Al-Baghdadiyah, ghorofa ya tatu, na fimbo. Alasiri jengo likitulia, nagonga sakafu. Tatu, kimya, moja. Zuwena jikoni huuliza, "Unamgongea nani?" Namwambia naangalia vigae. Nyumba ya chini yetu ni tupu tangu wapangaji wahame, ufunguo wake uko kwangu, na mlango umefungwa.

Juzi ilijibu. Moja tu, chini ya unyayo wangu.

Zuwena aliacha sufuria, akaja mlangoni, akanitazama. Yeye hakufundishwa chini ya kosha, hajui maana yake. Ninyi mnaijua: mguu umekaa, sogea ubao wa mbele.