Matoke Yaliyoinua Pikipiki

Wiki nzima dereva mmoja wa boda hapa Mbuya alikuwa akijifunza kuendesha pikipiki gurudumu la mbele likiwa juu. Alishindwa kila mara, na wenzake waliosubiri abiria pamoja naye stejini wakamcheka. Jumamosi alimpakia mama mnene mwenye mikungu miwili ya matoke, akaifunga nyuma kabisa. Walipoanza kupanda kilima kilicho mbele ya steji, gurudumu likainuka lenyewe.

Mama akamkumbatia kiuno. "Mwanangu, ukimaliza kucheza, niteremshe."

Gurudumu likarudi chini salama. Wenzake wakapiga makofi, naye akawapungia mkono kama mshindi.

"Shika usukani," mama akasema. "Hao wanayapigia makofi matoke yangu."

Mimi niliyekuwa nikipita kando yao nilicheka mpaka mtoto wangu mgongoni akaamka. Kumbe mzigo wa nyuma nao humwinua mtu.